Kizuizi cha Adela Mapunda

Picha ya Mwalimu ilikuwa inazunguka. Wiki hii kwa akina Luambano, wiki ijayo kwa mama Leticia, wiki inayofuata kwa mwingine. Kila ilipofika iliwekwa mezani, kitambaa cheupe chini yake, msalaba kuume na mshumaa kushoto, na wanajumuiya wa Mtakatifu Monika, kule juu Matogoro karibu na msitu, wakakusanyika Jumamosi asubuhi kusali rozari. Rozari ikiisha, mwenye nyumba huongoza sala moja zaidi, ya kumwomba Mungu kwa maombezi ya mtumishi wake Julius, ili siku moja Baba wa Taifa naye ahesabiwe miongoni mwa watakatifu. Kisha togwa, kisha habari za mvua na mbolea, kisha kila mtu kwake.

Adela Mapunda alikuwa ameikwepa picha hiyo mara mbili. Mara ya kwanza zamu yake ilipofika alisafiri ghafla kwenda Mpitimbi kumwangalia mgonjwa, ambaye alipofika alimkuta shambani anapalilia. Mara ya pili aliugua yeye mwenyewe. Alijifunika blanketi hadi puani, wanawake wa jumuiya wakaja na uji, wakapiga magoti kando ya kitanda wakamwombea apone kwa maombezi ya yule yule aliyekuwa anamkimbia. Sasa zamu ya tatu ilikuwa inakuja, na uongo ulikuwa umemwishia. Kudanganya nako kunataka nguvu, naye hakuwa nazo tena.

Waliomjua kijuujuu wangeshangaa, maana Adela si mtu wa ubishi. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye goti moja linalogoma asubuhi na jingine linalogoma jioni. Analima mahindi na maharage kwenye kipande cha mteremko alichoachiwa na mumewe, anafuga kuku wachache, anafagia kanisa siku yake ikifika. Watoto wametawanyika. Mkubwa, Dorine, anafundisha shule ya msingi huko Namasakata, Tunduru, na hupiga simu kila Jumapili kumwambia mama yake apunguze kazi. Adela hujibu kwamba kazi ndiyo inayompunguza yeye. Kwa jirani hana neno. Ukimwomba chumvi anakupa, ukimwomba jembe anakupa na kukukumbusha usilirudishe na matope.

Ila jina la Mwalimu likitajwa pamoja na neno mtakatifu, kinywa chake kilijifunga kama mlango uliovimba kwa mvua.

Na asionewe. Hakuwa miongoni mwa wale wanaokaa vijiweni kumlaumu marehemu kwa kila kitu, mpaka sukari iliyoadimika juzi. Alijua alichopewa. Alisoma bila kudaiwa ada. Dorine alizaliwa katika zahanati ya kijiji, miguu ikitangulia, na mkunga aliyewaokoa wote wawili alikuwa amesomeshwa na serikali ile ile ya Mwalimu. Mama yake Adela, Suzana, aliyekua bila kujua hata herufi moja, alifundishwa kusoma katika madarasa ya watu wazima akiwa na mtoto mgongoni, na haukupita muda akasimama kanisani kusoma somo la kwanza, sauti ikitetemeka, kidole kikifuata mstari. Siku Mwalimu alipofariki Adela alilia kama nchi nzima ilivyolia, kisha akajishangaa machozi yale ameyatoa wapi.

Maana kulikuwa na baba yake.

Thadei Mapunda alikuwa amejenga mbali na barabara, upande wa Mpitimbi, mahali ambapo leo ni mahame, migomba iliyorudi porini na mawe ya jiko. Operesheni ilipokuja, wakati ule watu walipoambiwa wahamie kwenye vijiji vipya wakae pamoja, karibu na shule na zahanati na maji, Thadei hakukikataa kijiji. Hilo watu hulisahau. Alichosema ni kwamba maharage yako kwenye maua, na nyuma ya nyumba amezika watoto wawili, kwa hiyo aachwe mpaka avune, aage vizuri, atakuja. Wakubwa wa kata wakamjibu kwamba hakuna cha mpaka avune. Akaingia ndani akakaa. Basi mgambo wakapanda juu wakafumua paa. Mafungu ya nyasi yakawa yanaanguka ndani, na mzee bado amekaa kwenye kigoda chake, nyasi kichwani, nyasi mabegani, anatazama mawingu pale palipokuwa na paa. Adela alikuwa binti wa darasa la tatu. Alisimama uani ameshika kuku, kwa sababu ndicho kitu alichoambiwa ashike.

Wakahama. Kijijini hakukuwa na nyumba bado, kulikuwa na vigingi vya kuonyesha nyumba zitakapokuwa. Walijibanza kwenye kibanda cha mabua, mvua zikawakuta humo, Thadei akashikwa na kifua. Zahanati ilijengwa kweli kama walivyoahidiwa, ila ilijengwa baada ya yeye kuzikwa.

Hakuna aliyewahi kusema kwamba Thadei aliuawa na kitu chochote. Alikufa kwa kifua. Suzana mwenyewe ndivyo alivyosema mpaka anaingia kaburini, chini ya picha ya Mwalimu aliyokuwa ameibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Adela alipokuwa msichana alimwuliza mara moja tu, "Mama, na dadi je?" Suzana siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni anasoma kitabu cha sala peke yake, bila mtu kumsaidia, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akakifunga kitabu, akasema, "Baba yako alikuwa na kifua tangu zamani." Haikuwa kweli. Adela alimkumbuka baba yake akipandisha mlima na gunia la mahindi begani huku anaimba. Ila hakuuliza tena. Alimwonea huruma mama yake, ambaye kitabu kile kilikuwa furaha yake yote, na tangu siku hiyo akabaki na mzigo ambao hakuwa na mtu wa kumtua.

Sasa kuna Pankrasi. Pankrasi Nyoni ndiye mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye aliyeileta picha. Ni mzee wa miaka sabini na zaidi, mpishi mstaafu wa chuo, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwa kali. Yeye na Adela wametoka kijiji kimoja. Na tuseme bila kuzunguka, yeye ndiye aliyekuwa juu ya paa. Hakuwa peke yake, walikuwa vijana watatu, lakini wenzake wamekwisha kufa na aliyebaki ni yeye. Adela alimwona siku ile kwa macho yake, kaptura ya mgambo, miguu mirefu imetanuka juu ya boriti. Miaka mingi baadaye, Adela akiwa ameolewa huku Matogoro, Pankrasi akaja kuajiriwa chuoni akajenga nyumba ya tatu kutoka kwake. Wakasalimiana. "Shikamoo kaka." "Marahaba dada, za siku nyingi?" Nzuri. Basi ikawa hivyo, shikamoo na marahaba, watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, na lile jambo hakuna aliyeligusa.

Tena Pankrasi ni mtu mwema, na hilo ndilo lililomchosha Adela kuliko yote. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Mume wa Adela alipofariki, aliyeshinda na wachimba kaburi mpaka mwisho ni Pankrasi. Upepo wa Agosti ukiinua bati la nyumba ya Adela, kabla hajapata mtu wa kumtuma kwa fundi, anasikia nyundo juu. Ni Pankrasi huyo, mzee mzima, misumari mdomoni, hataki hata chai. Wanawe wamemkataza kupanda juu, hasikii. Adela hubaki jikoni akizisikiliza zile hatua juu ya kichwa chake, na kila mara humbidi atoke, aende hata kwa kuku, mpaka mtu yule ashuke.

Jumamosi moja, nyumbani kwa Leticia, mtu mmoja aliuliza mbona huo utakatifu wa Mwalimu unachukua muda mrefu hivyo. Pankrasi akakaa vizuri, maana alipenda kuulizwa. "Kanisa halikurupuki," akasema. "Lazima wasikilizwe watu waliomjua, waseme mema yake. Na si mema tu. Hata mwenye neno baya juu yake anasikilizwa. Ndiyo utaratibu." Alisema hivyo kuonyesha jinsi Kanisa linavyopepeta. Hakumwona Adela, kule kwenye mkeka karibu na mlango, akiinua kichwa.

Adela alikuwa amesikia maneno ya namna hiyo mahali pamoja tu maishani mwake, nayo ni matangazo ya ndoa. Fulani wa kigango fulani anataka kufunga ndoa na fulani, mwenye kujua kizuizi chochote amjulishe paroko. Jumapili tatu mfululizo, kisha mlango umefungwa, na aliyenyamaza amenyamaza milele. Akakumbuka jinsi ndoa moja ilivyowahi kuzuiwa kwao, bi harusi amekwisha kusuka nywele, kwa sababu bibi mmoja alikwenda parokiani akasema anachokijua. Basi akaunganisha. Kumbe hata watakatifu wanatangazwa hivyo! Kumbe wakati huu wote, picha ikizunguka nyumba kwa nyumba, ndiyo matangazo yenyewe yalikuwa yanapita, naye akijifanya mgonjwa! Alijiona mjinga. Kama fundi cherehani akitaka kuoa watu wanaitwa waseme, sembuse mtu anayetaka kuwekwa altareni.

Hakumwuliza mtu. Angemwuliza angeambiwa kwamba mambo hayaendi hivyo. Jumatano akavaa kitenge chake kizuri, akafunga kilemba, akateremka mjini taratibu kwa sababu ya goti.

Nje ya ofisi ya parokia kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wachumba waliokuja kuandikisha ndoa. Katekista Hironimus, mtu mwenye sauti ya kutangazia watu, akatoka na kumkuta Adela amekaa mwishoni.

"Mama Dorine, karibu. Tukusaidie nini?"

"Nimeleta kizuizi."

Kijana mmoja aliyevaa tai alimwangalia mchumba wake, mchumba akamwangalia Adela, na kijana akaanza kujifuta shingo kwa kitambaa.

"Kizuizi cha nani, mama?" Hironimus akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo kwake bado ilifika barabarani.

"Si hawa. Hawa waoane tu. Nitamwambia Padri mwenyewe."

Paroko alikuwa Padri George, kijana wa Mbinga, ambaye bado alikuwa anazoea kuitwa baba na watu wenye umri wa bibi yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," Adela akasema.

"Milele na milele, amina. Shikamoo mama."

"Marahaba. Padri, nimeambiwa mwenye neno juu ya Mwalimu anasikilizwa kabla hajatangazwa mtakatifu. Mimi ninalo. Nimechelewa, najua, lakini ninalo."

Padri George, tumpe haki yake, hakucheka. Aliinuka akaufunga mlango, kwa sababu ya Hironimus, akarudi akakaa. Adela akasimulia. Maharage kwenye maua, makaburi ya watoto, kigoda, nyasi, kibanda cha mabua, mvua, kifua. Hakuwahi kulisimulia lote kwa pamoja, hata kwa mumewe, na kilichomshangaza ni jinsi lilivyokuwa fupi. Alikuwa amelibeba tangu utoto, akidhani ni kubwa kama mlima wa Matogoro, kumbe likitolewa mdomoni linaisha kabla mtu hajapepesa macho. Alijisikia vibaya. Alihisi kama amempunja baba yake.

"Pole sana, mama," Padri akasema. "Lakini sitakudanganya. Jambo hilo haliletwi hapa kama kizuizi cha ndoa. Lina watu wake na mahali pake, mbali na huku, na mimi ni paroko tu. Na hao wenyewe huenda wakasema kwamba Mwalimu hakuagiza mzee wako afumuliwe paa."

"Najua hakuagiza. Hakuna aliyeagiza, Padri. Wa juu hakuagiza, wa kata aliagizwa, mgambo walitumwa. Paa lilifumuka lenyewe."

"Unataka asitangazwe?"

Adela akatazama mikono yake. Hilo hakuwa amejiuliza. Alikuwa ameshika njia kama mtu anayekwenda kutua mzigo, hakufikiri utatuliwa wapi. "Sijui, mwanangu. Nimechoka. Mama yangu alimpenda yule mtu mpaka anakufa. Mimi mwenyewe nilimlilia. Kama yuko mbinguni na akae, simtoi. Ila nikifungua kinywa kusema atuombee, naona kama nimemkanyaga baba yangu nikapita. Nataka mtu mmoja tu akubali kwamba lilitokea. Basi."

"Mimi nimekusikia, na ninakubali."

"Asante. Lakini wewe hukuwepo."

"Aliyekuwepo ni nani?"

"Ndiye anayetukusanya kwenye jumuiya," Adela akasema, akainuka, maana goti lilikuwa linakakamaa. Padri George alimsindikiza mpaka mlangoni akamwahidi kumwombea Thadei katika Misa. Alikuwa kijana mzuri. Adela alimshukuru akapandisha kilima kurudi kwake, na ule mzigo aliokwenda kuutua alirudi nao.

Kabla ya Alhamisi kwisha habari zilikuwa zimeenea. Hironimus aliapa kwamba hakusema, na huenda hakusema, maana sauti yake ilikuwa imekwisha kusema siku ile ile. Mama Dorine amemzuia Mwalimu! Kwenye mashine ya kusaga vijana wakamtania: "Bibi, na hawa wa umeme wanaotukatia kila siku, si utuzuilie nao?" Adela alicheka nao kidogo, akaweka debe lake kichwani. Leticia, katibu wa jumuiya, hakutania. Alimsimamisha njiani akamwambia kwamba ameitia jumuiya aibu mpaka parokiani, na kwamba kama si Mwalimu yeye Leticia asingejua hata kuandika jina lake. "Ni kweli," Adela akamjibu. Leticia alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akabaki na maneno yake mkononi.

Jioni ile Dorine akapiga simu, na haikuwa Jumapili.

"Mama, habari imefika mpaka huku Tunduru. Achana nayo, nakuomba. Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme."

"Babu hawezi kurudi, mama."

"Hakuna aliyesema arudi," Adela akasema, akaaga mapema kwa kisingizio cha chaji.

Ijumaa jua likielekea kuzama, Pankrasi akaja. Picha ilikuwa kwapani, imefungwa katika kitambaa chake. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Hakukaa.

"Kesho ni kwako," akasema.

"Najua."

"Ukitaka niipeleke kwa Leticia naipeleka. Sitaki ugomvi, dada Adela."

"Nani anataka? Iweke hapo."

Akaiweka mezani, akainyoosha, akarudi nyuma kuitazama, akainyoosha tena. Kisha akainua macho juu, kama afanyavyo kila akiingia nyumba ile, akayapitisha kwenye mabati moja moja. "Lile la pembeni limelegea," akasema. "Wiki ijayo nitakuja na misumari."

Adela alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaacha.

"Kaka Pankrasi. Unataka awe mtakatifu kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Mzee akabaki vile vile, uso umeelekea juu. Kisha akasema, "Dada Adela, mimi sasa ni mzee. Mtu wa umri wangu anataka tu kujua kwamba alipokuwa kijana alitumwa na mtu mwema."

Adela hakumdai zaidi. Lakini hapo alielewa kitu ambacho hakuwa amekiona miaka yote ya nyundo na misumari. Akitangazwa Mwalimu kuwa mtakatifu, basi kazi yote iliyofanywa kwa jina lake ilikuwa na baraka, na kijana aliyepanda juu ya paa alipanda kwa heri. Asipotangazwa, Pankrasi atabaki juu ya lile paa mpaka afe, na hana wa kumshikia ngazi. Adela alitaka kumkasirikia. Aliitafuta hasira mahali ilipokuwa inakaa siku zote, akakuta uchovu tu. Walikuwa wazee wawili waliochoshwa na jambo moja, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Nenda ukapumzike, kaka," akamwambia. "Kesho watu watakuja mapema."

Watu walikuja mapema kweli, tena wengi kuliko kawaida. Walikuja hata wale ambao tangu Pasaka hawakuonekana, wakidai wamekumbuka rozari, na wote tunajua walichokumbuka. Mabenchi yaliazimwa, mikeka ikatandikwa mpaka barazani. Adela aliongoza matendo yote matano bila kukosea, sauti yake ikiwa ya kawaida, na watu wakaanza kukata tamaa kwamba hakuna kitakachotokea. Kisha rozari ikaisha. Ilikuwa zamu ya ile sala nyingine, na kila mtu aliijua kwa moyo, na kila mtu alikuwa anamtazama mwenye nyumba. Leticia akakohoa. Mwalimu, pale mezani kati ya msalaba na mshumaa, alikuwa anatabasamu kama siku zote.

Adela alikuwa amepanga kunyamaza, mwenyekiti aongoze mwenyewe. Alfajiri alibadili, akapanga aiseme tu iishe, kila mtu anywe togwa aende. Alipofungua kinywa hakikutoka hiki wala kile.

"Kabla hajatangazwa," akasema, "yeye ni marehemu kama marehemu wengine. Na marehemu tunajua tunavyowafanyia." "Tuwaombee marehemu wetu. Thadei Mapunda, baba yangu, aliyefumuliwa paa akiwa amekaa ndani, akafa kwa baridi ya kibandani. Na Julius, aliyetuita kijijini. Raha ya milele uwape, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," nyumba nzima ikaitikia.

Iliitikia kabla haijafikiri. Maneno yale Mkatoliki wa Songea ameyaitikia makaburini tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Ukimwanzishia anamalizia hata akiwa usingizini. Walipogundua wameitikia nini, walikuwa wamekwisha kuitikia, na majina mawili yalikuwa yamekwisha kupita pamoja vinywani mwao.

"Hiyo siyo sala yenyewe," Leticia akasema. "Mwenyekiti, hiyo siyo sala yenyewe."

Na kweli haikuwa. Vichwa vyote vikamgeukia Pankrasi, aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango. Kumsahihisha mwenye nyumba ilikuwa kazi yake, na alikuwa amewasahihisha wengi, hata kwa kosa la neno moja. Adela naye alimtazama. Sasa ndipo alipojua alichokuwa anakitafuta, na kwamba hakikuwa kwa Padri George wala kwa wakubwa wake walio mbali. Kilikuwa hapa, kwa mzee huyu aliyefunga vifungo mpaka kooni. Akisema neno moja la kumsahihisha, basi Thadei alikufa kwa kifua, na iwe imekwisha.

Pankrasi akainuka polepole, mkono mmoja ukutani. Kofia ilikuwa mkononi. Hakuitazama picha, wala hakutazama juu.

"Dada Adela," akasema. "Rudia. Mimi sikuitikia."

Adela akarudia, akianza na jina la baba yake.